Maji ya bomba au maji ya chupa: yapi ni salama kunywa ukiwa Dar, na ukihamia Arusha je?

Kila mvua zikianza na watu wakianza kuharisha mtaani swali ni hilihili, ninywe ya bomba nichemshe au ninunue ya chupa nipumzike? Alafu majibu sasa, huyu anakwambia maji ya bomba ni sumu, yule anakwambia ya chupa yana plastiki yanaleta kansa, mtu anabaki hajui ashike lipi na wakati huo watoto wana kiu. Hili jambo linanigusa kwasababu wanaoumia ni watoto wadogo, kwaiyo nayaweka yote mawili hapa, kwa Dar kwanza maana ndo maji nayoyanywa kila siku.

Jibu langu nalitoa mapema asiyetaka kusoma yote aende nalo. Kama una maji ya DAWASA, yaani mamlaka ya maji ya Dar, bombani kwako, ukiyatibu nyumbani na ukayatunza kwenye chombo safi ni salama kunywa kama ya chupa tu, na kwa gharama ndogo sana. Kama unategemea kisima, au upo Arusha, Kilimanjaro au Manyara upande wenye floridi, yale madini ya kwenye miamba yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, hesabu inabadilika kabisa, maana kuchemsha kunaua vijidudu ila hakutoi chumvi wala floridi.

Sasa twende taratibu.

Vijidudu, hapa ndo penye kesi

Maji mengi ya bomba ya Dar yanatoka mto Ruvu. Kuna mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi wenye uwezo wa lita milioni 196 kwa siku na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo wenye lita milioni 270. Pale maji yanawekewa dawa ya kugandisha tope, yanaachwa yatulie, yanachujwa kwenye mchanga, yanawekwa klorini, alafu ndo yanasukumwa mpaka matangi ya Kimara na ya Chuo Kikuu yagawiwe mitaani. Yakitoka mtamboni yameshatibiwa na klorini ipo ndani. Mabaya yanayapata njiani.

Njiani kunatokea nini? Bomba likiwa limejaa na maji yana msukumo, hata kama lina tundu maji ndo yanatoka nje, uchafu wa nje hauwezi kuingia. Ila siku ya mgao bomba liko tupu, na bomba tupu lenye tundu linavuta chochote kilicho pembeni yake. Na pembeni kuna nini? Nenda Manzese, Tandale, Vingunguti, angalia mipira inayoingiza maji majumbani inavopita, mingi imelazwa ndani ya mtaro uleule wa maji machafu, imeungwa kwa vipande vya mpira wa tairi, na mvua ikinyesha watu wanafungulia vyoo mle mle. Alafu maji yakirudi baada ya siku mbili kuna jirani anawasha pampu aliyoiunga moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili avute zaidi ya wenzake, ile pampu inavuta maji na inavuta na mtaro. Ndo maana dakika za kwanza unaona yanatoka ya kahawia yanakohoa hewa. Yale usikinge ya kunywa hata siku moja, yaache yatoke mpaka yawe meupe, ya mwanzo mwagia maua au oshea choo.

Kwaiyo mgao ni suala la afya, siyo usumbufu wa kukosa maji tu. Oktoba 2022 Ruvu ilivopungua kwa ukame na Dar nzima ikaingia kwenye mgao, wengi tuliongelea foleni za ndoo, ila hatari nyingine ilikuwa kwenye mabomba yanayokauka na kujaa, kukauka na kujaa.

Na ile ya 2015 msisahau. Kipindupindu kilianzia hapahapa Dar mwezi Agosti, kikasambaa karibu nchi nzima na wagonjwa wakapita elfu 20. Maji yasiyotibiwa na vyoo vibovu, basi. Kipindupindu kinaweza kumkausha mtu mzima maji mwilini akafa ndani ya masaa, mtoto ndo usiseme.

Baada ya bomba kuna simtank. Klorini siyo kitu cha kudumu, kadri maji yanavokaa na tanki linavopigwa jua juu ya nyumba ndo inaisha. WHO, shirika la afya duniani, wanataka maji yakifika kwa mtumiaji yawe na klorini iliyobaki angalau miligramu 0.2 kwa lita, na wakati wa mlipuko wa kipindupindu wanataka 0.5. Sasa maji yamekaa kwenye tanki siku tano, mfuniko umepasuka, ndani kuna ukijani na mjusi aliyekufa, hapo klorini ipi tena. Wengi wetu tunalaumu bomba wakati tanki letu hatujalisafisha tangu lipandishwe.

Kuna watu wanachukia harufu ya klorini wanasema maji ya bomba yana dawa. Jamani ile harufu ndo ulinzi wenyewe! Kiwango cha juu cha WHO ni miligramu 5 kwa lita, na pua ya mtu wa kawaida inaisikia klorini hata ikiwa chini kabisa ya hapo. Kama inakukera yaache kwenye chombo chenye mfuniko usiku mmoja jikoni, harufu inapungua.

Upande wa chupa sasa. Watu wanadhani maji ya chupa yote yanatoka chemchemi ya mlimani kama picha ya kwenye lebo. Mengi ni maji ya kisima kirefu au ya bomba hilihili, kiwanda kinayachuja, kinayapitisha kwenye RO, yaani utando wenye vitundu vidogo sana unaozuia hata chumvi, kinayapiga mionzi ya UV au gesi ya ozoni ya kuua vijidudu, kinajaza. Hiyo ipo dunia nzima. Uingereza mwaka 2004 Dasani, maji ya chupa ya Coca-Cola, walikuta watu wamekasirika kujua kwamba ni maji ya bomba ya Sidcup pale London yaliyosafishwa, na mwezi Machi chupa kama laki tano zikarudishwa kiwandani kwasababu ile hatua ya ozoni ilikuwa imetengeneza kemikali ya bromati kupita kiwango cha kisheria. Maji ya bomba waliyoanza nayo hayakuwa na shida hiyo.

Hilo silisemi kuwatisha na chupa. Kiwanda kinachofuata utaratibu kinatoa maji safi, na faida kubwa ya chupa ni kwamba imezibwa: haipiti mtaroni, haikai kwenye simtank yako, haivutwi na pampu ya jirani. Ukiwa safarini, ukiwa kwenye msiba kijijini usikojua kisima chao, ukiwa hospitali unauguza, chupa iliyozibwa ndo chaguo langu na silionei aibu.

Ila yana udhaifu wake ambao hausemwi. Maji ya chupa mara nyingi hayana klorini ndani, na ozoni inapotea yenyewe, kwaiyo ukishafungua na kuweka mdomo hamna kinachozuia vijidudu kuzaliana humo. Chupa umeinywea nusu asubuhi kwenye daladala, imekaa kwenye begi la moto mpaka jioni, ukiimalizia unakunywa na vilivyozaliana mchana kutwa. Maji ya bomba yenye klorini kidogo yanajilinda kuliko hayo.

Alafu kuna feki. Chupa zinaokotwa, zinajazwa, zinauzwa kwenye foleni Ubungo kwa mtu mwenye haraka na kiu. Angalia ile pete ya kifuniko, ukizungusha isikie inakatika tiktik, kama inafunguka kimya rudisha. Angalia alama ya TBS, shirika la viwango, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Ile stempu ya TRA inakwambia habari za kodi, ukiikagua kwenye simu inasaidia kumjua mzalishaji, ila haikwambii kama maji yamepimwa, wengi wanachanganya hapo. Ubora wa vyakula na vinywaji uko TBS tangu 2019 TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, ilipogeuzwa kuwa TMDA ikabaki na dawa na vifaa tiba, kwaiyo ukikuta maji yana uchafu ndani peleka TBS.

Na dumu kubwa la lita 18.9 la kwenye dispensa nalo lina yake. Maji ya ndani mazuri, dispensa yenyewe ndo chafu. Fungua koki ya dispensa ya ofisini kwenu, ingiza kidole safi uguse kwa ndani, ule utelezi unaousikia ni kundi la bakteria wameshajenga makao. Dispensa nyingi zinafutwa nje zinang'aa na ndani hazijawahi kuoshwa. Ioshe kila mnapobadilisha madumu machache kwa maji yenye jiki kidogo, acha nusu saa, suuza mpaka harufu iishe.

Kwa upande wa vijidudu basi: bomba likinywewa moja kwa moja bila kutibiwa linashindwa na chupa, hapo sina ubishi. Bomba likitibiwa nyumbani linalingana nayo.

Kutibu maana yake nini hasa

Kuchemsha: yachemke yatokote kabisa dakika moja, hayahitaji nusu saa, unamaliza gesi bure. Ukiwa sehemu za juu sana milimani dakika tatu. Kuchemsha kunaua hata vile vimelea ambavyo klorini haiviwezi vizuri kama kriptosporidiamu. Kasoro yake ni kwamba yakishapoa hayana ulinzi wowote, mkono mmoja wenye kikombe kichafu unaharibu ndoo nzima, na anayechemshia mkaa ndani ya chumba kimoja anawavutisha watoto moshi.

Vidonge vya WaterGuard: kimoja kwa ndoo ya lita 20, koroga, subiri dakika 30. Maji yakiwa na tope chuja kwanza na kitambaa safi maana tope linakula klorini yote. Mimi kwa maji ya Dar ndo naipenda zaidi hii, ni rahisi na ulinzi unabaki humo ndani. Jua pia linafanya kazi kwa asiye na kitu, chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, maji meupe yasiyo na tope, juu ya bati masaa 6 jua kali, kukiwa na mawingu siku mbili.

Filta za mshumaa wa udongo zinazuia bakteria vizuri ila virusi ni vidogo vinaweza kupenya, kwaiyo usiiamini peke yake kipindi cha mlipuko.

Na chombo! Ndoo yenye mfuniko na koki, siyo ile ya kuchovya kikombe. Hapa ndo familia nyingi zinaanguka, wamechemsha vizuri alafu watoto sita wanachovya.

Plastiki

Hili ndo linatisha watu mitandaoni kwaiyo niliseme kwa utulivu. Ni kweli chembe ndogo za plastiki zimekutwa kwenye maji ya chupa. Mwaka 2018 watafiti wa New York walipima chupa 259 za kampuni 11 walizokusanya nchi 9, asilimia 93 zikawa nazo. Mwaka 2024 wengine wa Columbia wakatumia vifaa vya kuona chembe ndogo zaidi wakahesabu kama 240,000 kwa lita moja. Maji ya bomba nayo yanazo, kwa utafiti ule wa 2018 ya chupa yalizidi. Madhara yake kwa mtu? WHO mwaka 2019 walisema ushahidi uliopo hautoshi kusema zinaleta ugonjwa, wakataka utafiti zaidi, na utafiti bado unaendelea. Kwaiyo anayekuambia kwa uhakika kwamba zinaleta kansa anakuzidishia, na anayesema hazina neno kabisa naye anakuzidishia.

Joto ndo kitu cha kukwepa. Chupa ndogo za kawaida, zile zenye namba 1 chini kwenye pembetatu, ni plastiki ya PET, hazina BPA, ile kemikali ya plastiki watu wanayoisema sana. Zina madini ya antimoni kidogo yaliyotumika kutengenezea na yanatoka zaidi chupa ikikaa kwenye joto kali muda mrefu. Katoni zilizopangwa juani nje ya duka Kariakoo wiki nzima, au chupa inayoishi kwenye dashbodi ya gari, hizo sinunui na sinywi. BPA ipo kwenye baadhi ya madumu magumu ya dispensa yenye namba 7, ya polikaboneti, ambayo Ulaya wamepitisha kuizuia kwenye vifaa vya chakula mwishoni mwa 2024. Dumu la namba 7 lililochubuka na kuchakaa usilipokee, mwambie muuzaji akubadilishie.

Ila nawaomba muweke uzito panapostahili. Kuharisha kunaua watoto leo, wiki hii. Mtu anayeacha maji ya chupa kwa kuogopa plastiki akaenda kunywa ya kisima bila kutibu amekimbia hatari ndogo isiyothibitika akaifuata ile tunayoijua.

Chumvi, naitreti na floridi: hapa chupa inashinda

Vitu hivi havionekani, na kuchemsha kunavifanya vizidi maana maji yanapungua na vyenyewe vinabaki. Klorini haivigusi. Filta ya udongo haivigusi. RO ndo inavitoa, na ndo maana maji ya chupa mengi yako vizuri upande huu.

Visima vya Dar vilivyo karibu na bahari, Kigamboni, Mbezi Beach, vingi vina chumvi unaisikia mdomoni, mwenye presha au figo asiyafanye ya kunywa kila siku. Visima vifupi vilivyochimbwa katikati ya vyoo vya shimo vinaweza kuwa na naitreti nyingi, kemikali inayotokana na kinyesi na mbolea, kiwango cha WHO ni miligramu 50 kwa lita, ikizidi mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa hayo maji damu yake inashindwa kubeba oksijeni anabadilika rangi anakuwa wa bluu. Na boza nalo ulizeni linachota wapi, maboza mengi yanauza maji ya kisima na mteja anadhani ni ya Ruvu.

Arusha sasa. Kuzunguka mlima Meru, Maji ya Chai, Ngurdoto na kushuka kule, floridi ni nyingi kwa asili ya miamba ya volkano. WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilikuwa inaruhusu mpaka 8 vijijini kwasababu hapakuwa na maji mengine, fikiria hiyo. Mnaona wenyewe meno ya kahawia ya watu wa kule, na wengine wazee kwa vijana mifupa imepinda na viungo vinauma. Meno ya mtoto yanaharibika wakati yanatengenezwa ndani ya fizi, kuanzia kuzaliwa mpaka miaka kama 8, baada ya hapo hakuna dawa ya meno itakayoyarudisha. Ukihamia kule na mtoto mdogo, ya kunywa na ya kupikia uji nunua au tumia maji yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ile teknolojia waliyoifanyia kazi miaka mingi kituo cha Ngurdoto. Na magadi ya makande nayo yana floridi, hilo wengi hawalijui, wanabadilisha maji wanaendelea na magadi.

Kama una kisima popote pale peleka sampuli maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji, wako mikoani, upimiwe mara moja ujue.

Watoto wachanga

Miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama tu, hata maji ya chupa hapana. Anayelazimika kutumia maziwa ya kopo ajue maji ya chupa siyo kwamba hayana kijidudu hata kimoja, nayo yachemshwe, na maziwa yakorogwe maji yakiwa bado na joto la nyuzi 70 kwenda juu kwasababu hata unga wenyewe unaweza kuwa na bakteria, alafu yapozwe ndo apewe. Ya chupa unachagua yenye sodiamu ndogo, imeandikwa kwenye lebo.

Hela

Familia ya watu watano, lita mbili kila mmoja, ni lita 10 kwa siku, lita 300 kwa mwezi. Tuseme chupa ya lita moja na nusu ni shilingi 1,000, hapo ni kama laki mbili kwa mwezi za maji ya kunywa tu. Kwa madumu ya lita 18.9 unahitaji 16, hata ukisema dumu ni 5,000 inakuja 80,000. Bombani uniti moja ni lita 1,000, kwaiyo lita 300 haifiki hata theluthi ya uniti, ni hela ya chini ya buku, uongeze vidonge 15 au gesi kidogo. Naliweka hili kwenye afya makusudi, kwasababu nimeona nyumba zinazonunua chupa mpaka hela ikiisha katikati ya mwezi, alafu wiki mbili zilizobaki wanakunywa bombani bila kutibu maana hawajawahi kujizoesha. Afadhali kitu unachoweza kukifanya siku 30 zote.

Kwaiyo aliyepo Sinza au Kimara na maji ya DAWASA, osha tanki, tumia vidonge au chemsha, weka ndoo ya koki, chupa iwe ya safarini. Aliyepo kwenye kisima cha chumvi au boza, ya kuogea na kufulia endelea nayo, ya kunywa nunua madumu au changieni na majirani mtambo mdogo wa RO. Chumba cha kupanga ambacho tanki ni la mwenye nyumba na hufungui mfuniko wake, usisubiri baba mwenye nyumba aamke, tibu ndoo yako mwenyewe ndani.

Na chupa za shule za watoto, zile za plastiki zenye mrija, zioshwe kila jioni kwa sabuni na brashi mpaka kwenye mrija na kile kifuniko cha kunyonyea. Uchafu mweusi unaoota pale kwenye mpira wa kifuniko nimeukuta kwenye chupa za watoto ambao mama zao wanachemsha maji kwa uaminifu kila siku.